Moto wa Umeme na Vyuma vya Chama



Tangu umeme wa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika Pemba mwaka 2010, chuma kikikatika hupelekwa upesi kwa fundi wa kuchomelea. Lakini ekseli ya gari la ng'ombe huweza kukatika tena, si penye kiungo, bali pembeni yake. Lawama humwangukia fundi, naye huapa kuwa kiungo ni kizima. Husema kweli.

Chuma kimeundwa kwa chembe ndogo zilizoshikamana. Moto wa umeme ukizidi kiasi cha digrii 1,000 za Selsiasi, chembe zilizo jirani na kiungo humezana zikawa kubwa, ijapokuwa hapo chuma hakikuyeyuka. Chuma cha namna hiyo hakistahimili kishindo.

Basi fundi apunguze umeme, achomelee kwa vipande vifupi akikipumzisha, wala asikimwagie maji. Kifaa cha thamani kipashwe tena mpaka kiwe chekundu cha kung'aa, kisha kipoe hewani. Chembe huzaliwa upya, ndogo. Wahunzi walilipima hilo kwa rangi ya moto tu, bila chombo chochote.

Katibu naye aandike katika daftari la mali mahali hasa chuma kilipokatika.