Somo la Redio: Vitu Viwili Vinapogusana

Leo tutajifunza habari za kugusana kwa vitu.

Chukueni matofali mawili. Moja lipakeni masizi ya sufuria. Lilazeni la pili juu yake, kisha mliinue. Je, limekuwa jeusi lote? La, mtaona madoa hapa na pale tu. Penye doa ndipo matofali yalipogusana. Kwingine palikuwa na nafasi.

Kwa nini? Kwa sababu uso wa kila kitu, hata chuma kilichosuguliwa kikang'aa, una vilima na mabonde madogo. Kitu kikiwekwa juu ya kingine, vilele hukutana na vilele, na mabonde hubaki wazi. Mzigo ukiongezwa, vilele hubonyea, na vile vilivyo vifupi navyo hufikiwa. Hapo mguso huongezeka.

Vilele hivyo ni vingi mno, wala jicho haliwezi kuvihesabu. Mwaka 1966 wataalamu wawili, Greenwood na Williamson, walichapisha hesabu ya kukadiria mguso huo. Siku hizi kompyuta husaidia. Kwanza sindano nyembamba hupitishwa juu ya uso ili kupima vilima na mabonde. Vipimo huingizwa katika kompyuta, nayo huunda uso wa tarakimu, huukutanisha na mwingine, kisha huonyesha vilele vitakavyogusana na mzigo utakaobebwa na kila kimoja. Lakini majibu hayo lazima yahakikishwe kwa majaribio. Kompyuta ikipewa vipimo vya uongo, hutoa majibu ya uongo.

Habari hizi zatufaa nini? Fikirini mteremko wa Kitonga, mkoani Iringa, katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya. Basi lenye abiria hushika barabara pale tu mpira wa tairi unapogusa vilele vya kokoto za lami. Mvua ikinyesha, maji hujaza mabonde. Mifereji ya tairi huyatoa maji, mpira ukapata kugusa lami. Tairi kipara halina mifereji. Gari likienda mbio huelea juu ya maji. Dereva hukanyaga breki, lakini gari halisimami. Pikipiki nayo huteleza vivyo hivyo.

Basi, ulaini si uzuri siku zote. Jiwe la kusagia likiwa laini mno halisagi. Hugongwagongwa hata likwaruze tena. Lakini tairi lililokwisha dawa yake ni kununua jingine. Kabla ya kupanda gari, tazameni matairi. Mkiona kipara, mwambieni dereva, asiposikia, msipande.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini tofali la pili halikuwa jeusi lote?
2. Mifereji ya tairi ina kazi gani wakati wa mvua?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.