Jino Liking'oka Uwanjani

Mpira wa kona, kiwiko usoni, na jino la mbele liko kwenye nyasi. Wengi hulifuta vumbi kwa jezi na kulifunga kwenye karatasi. Hapo ndipo wanapoliua. Seli hai za mzizi hukauka kwa dakika chache, na saa moja ikipita matumaini ni finyu. Lishike sehemu ionekanayo mdomoni, usiguse mzizi. Lisuuze kidogo bila kulisugua, lirudishe kwenye pengo, mchezaji ang'ate kitambaa safi. Ikishindikana, litie kwenye maziwa. Kwa vyovyote vile, mbio kwa daktari wa meno. Jino la utoto halirudishwi. Walimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari Tanzania, katika sanduku la huduma ya kwanza pakiti ya maziwa isikose kando ya bandeji.