Taarifa Zinatosha au Hazitoshi?

Wiki hii naomba tuzungumzie aina moja ya swali la mtihani inayowatoa jasho vijana wetu, hasa wanaoomba kusoma shahada ya pili ya biashara katika vyuo vya nje. Mtihani wenyewe unaitwa GMAT. Ulianza kutolewa mwaka 1954, ingawa jina hilo lilikuja baadaye. Ada yake hutajwa kwa dola, kwa hiyo kijana wa Mbezi Luis anayeufanya ameshajifunga mkibwebwe kwa miezi kadhaa. Akipoteza alama katika jambo ambalo hesabu yake anaiweza, inauma.

Swali lenyewe liko hivi. Unaulizwa jambo, kisha unapewa taarifa mbili. Huambiwi utafute jibu. Unatakiwa useme kama taarifa hizo zinatosha kulipata. Majibu ya kuchagua ni matano na hayabadiliki. A, taarifa ya kwanza peke yake inatosha na ya pili haitoshi. B, kinyume chake. C, zinatosha zikiunganishwa tu. D, kila moja inatosha peke yake. E, hata zikiunganishwa hazitoshi. Katika toleo la mtihani lililoanza mwishoni mwa 2023, maswali haya yalitolewa sehemu ya hesabu na kupelekwa sehemu ya uchambuzi wa takwimu, yenye maswali 20 kwa dakika 45. Humo kikokotozi cha kwenye kompyuta kinaruhusiwa. Kwa swali la namna hii mimi nakiona ni mtego, maana kinamshawishi mtu akokotoe kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

Vijana ninaowasaidia hapa Mbezi Luis huwa nawapa mifano ya kituoni. Daladala inaondoka kwenda Kariakoo. Je, wanawake ni asilimia ngapi ya abiria? Taarifa ya kwanza: uwiano wa wanaume kwa wanawake ni 3 kwa 2. Taarifa ya pili: wanaume wamewazidi wanawake kwa 6.

Wengi hukimbilia C. Wanaunganisha taarifa zote mbili, wanapata wanaume 18 na wanawake 12, jumla 30, kisha wanatoa asilimia 40. Hesabu ni sahihi kabisa na alama hawapati! Uwiano wa 3 kwa 2 maana yake ni mafungu matano, na wanawake ni mafungu mawili kati ya hayo matano. Hiyo ni asilimia 40, gari liwe na watu 10 au 50. Taarifa ya pili peke yake haisaidii: wanaweza kuwa 18 kwa 12, au 16 kwa 10, na asilimia hubadilika. Jibu ni A.

"Lakini mzee, mbona hatujaambiwa idadi ya abiria?" kijana mmoja aliniuliza. Nikamwambia, nani kakuuliza idadi? Shuleni tumezoeshwa kwamba swali halijaisha mpaka namba ipigiwe mstari chini yake. Mazoea hayo yana faida yake, ila hapa yanakula dakika.

Sasa badilisha swali tu, taarifa ziache vilevile. Je, wanawake ni wangapi? Uwiano peke yake hausemi, tofauti ya 6 peke yake haisemi, zikiungana zinasema 12. Jibu limekuwa C. Ndiyo maana nawasisitizia vijana wasome kwanza wanaulizwa nini, asilimia au idadi, kabla hawajagusa taarifa yoyote.

Watunga mitihani wana ujanja mwingine. Badala ya ile tofauti ya 6, wanakuambia abiria ni zaidi ya 26 na pungufu ya 34. Mtu husema, hii ni ya kubahatisha, haitoshi. Kumbe uwiano wa 3 kwa 2 unalazimisha jumla igawanyike kwa tano, maana konda anaweza kumbana abiria lakini hawezi kumkata vipande. Kati ya 26 na 34 namba ya namna hiyo ni 30 peke yake. Jibu ni C tena.

Kwa upande wa asilimia, kosa kubwa ni kusahau kuuliza: asilimia ya nini? Shule ina mikondo miwili. Mkondo wa kwanza wamefaulu asilimia 60, wa pili asilimia 40. Je, shule nzima wamefaulu asilimia ngapi? Ukisema 50 umeshaingia shimoni, kwa sababu umedhani mikondo inalingana. Hapo taarifa hazitoshi. Ukiambiwa zaidi kwamba mkondo wa kwanza una wanafunzi mara tatu ya wa pili, zinatosha: robo tatu ya 60 ni 45, robo ya 40 ni 10, jumla asilimia 55. Tena hujaambiwa idadi ya mwanafunzi hata mmoja, na hukuihitaji.

Nawaachia zoezi, nalo nimelichukua kwa mafundi wanaojenga huku kwetu. Fundi amechanganya zege kwa ndoo, saruji, mchanga na kokoto kwa uwiano wa 1 kwa 2 kwa 4. Je, alitumia ndoo ngapi za mchanga? Taarifa ya kwanza: kokoto ilizidi mchanga kwa ndoo 6. Taarifa ya pili: saruji ilikuwa asilimia 50 ya mchanga. Jibu nitalitaja wiki ijayo. Kabla hamjachagua, tazameni kama taarifa ya pili inawaambia kitu ambacho hamkuwa nacho tayari.