Granaiti Hutoka Wapi? Ushahidi wa Milima ya Uluguru



Hapa Morogoro karibu kila jiwe gumu lenye punje zinazong'aa huitwa granaiti. Hoja yangu leo ni kwamba sehemu kubwa ya Uluguru si granaiti, na kwa sababu hiyo hasa milima hii inafaa sana kutuonyesha granaiti inavyozaliwa.

Kwanza kipimo. Katika mfumo wa Streckeisen, unaotumiwa kimataifa tangu miaka ya 1970, mwamba moto ulioganda chini ya ardhi ni granaiti endapo kwazi ni asilimia 20 hadi 60 ya jumla ya kwazi na feldispa, na feldispa ya alkali haipungui asilimia 35 ya feldispa zote. Mawe yaliyorundikana ufukweni Mwanza ni granaiti. Uluguru ni habari nyingine. Ramani ya Sampson na Wright ya mwaka 1964 inaonyesha katikati ya milima anothosaiti, mwamba ambao karibu wote ni feldispa ya aina ya plajioklesi. Umezungukwa na granulaiti zenye piroksini na ganeti, na upande wa Matombo kuna marumaru, ambayo zamani yalikuwa mashapo ya chokaa.

Granulaiti hizi ni miamba geu. Mwaka 1998 Appel, Möller na Schenk walikadiria kwamba granulaiti za mashariki mwa Tanzania zilifikia nyuzi 810 hivi za Selsiasi, katika kina cha kilometa 35 hivi, na umri wa joto hilo ni takriban miaka milioni 640. Penye maji, miamba yenye kwazi na feldispa huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 650 hivi. Kwa hiyo ndani ya ganda la dunia kuna mkamuo: granaiti ni tui linalopanda juu, na granulaiti nyingi ni chicha iliyobaki chini, kavu na nzito. Nasema nyingi, si zote, maana anothosaiti, ambayo nayo ilipitia joto hilo, ilikuwa kavu tangu ilipoganda.

Chappell na White, mwaka 1974, waliainisha granaiti kwa chanzo: aina ya I hutokana na miamba moto, aina ya S na mashapo. Loiselle na Wones wakaongeza aina ya A mwaka 1979. Kisha mwaka 1984 Pearce na wenzake wakachora michoro ya rubidi, itri na niobi ili kutambua mazingira ya kitektoniki: tao la volkano, mgongano wa mabara, au ndani ya bamba. Michoro hiyo ina manufaa, lakini tunaiamini kupita kiasi. Kemia ya granaiti hurithi chanzo chake. Tao la kale likiyeyuka baada ya miaka milioni mia kadhaa, granaiti itakayopatikana itasoma "tao" hata kama hakuna bamba lililokuwa likizama wakati huo.

Uluguru yenyewe inatuonya. Wengi huifungamanisha na mgongano uliounda bara kuu la kale la Gondwana. Appel na wenzake walipinga mgongano kuwa chanzo cha granulaiti hizi, kwa kuwa miamba ilipoa ikiwa bado kwenye kina kilekile badala ya kuinuliwa haraka. Wao walielekeza kwenye magma iliyojikusanya chini ya ukingo wa bara. Naona hoja yao ni nzito, kwa sababu inatokana na madini yenyewe wala si nukta kwenye mchoro.

Umri ndio unaoamua, na hapo Morogoro ina heshima isiyosemwa vya kutosha. Katika pegmataiti za Uluguru, zilizochimbwa ulanga tangu enzi za Wajerumani, yalipatikana madini ya urani. Mwaka 1906 Marckwald alieleza kutoka hapa madini mapya, ruthafodini. Miaka kadhaa baadaye Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walipima risasi iliyotokana na urani ya Morogoro, wakapata uzito wa atomu wa takriban 206.05, wakati risasi ya kawaida ni 207.2. Huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo thabiti wa isotopu, na juu ya urani kugeuka risasi ndipo ulipojengwa upimaji wa umri wa madini ya zirkoni.

Nawaomba wanafunzi na watafiti: msitaje mazingira ya kitektoniki ya granaiti yoyote ya ukanda huu kabla ya kupima umri wa zirkoni zake na kuchora mipaka yake uwandani.