Oili na "Dawa" za Injini katika Matrekta Makuukuu ya Dizeli: Hali Ilivyo Hanang na Mbulu

1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie katika semina hii uchaguzi wa oili kwa injini kuukuu za dizeli. Mada hii ina kwao hapa Katesh. Mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la serikali la kilimo, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970 kuanzia Basotu, yalilifanya trekta kuwa chombo cha kawaida wilayani Hanang. Hadi leo tunalima kwa Massey Ferguson 165, 290 na 375 zenye injini za Perkins, na wengine wanasaga kwa Lister.

2. Maana ya maneno

Oili hulainisha, hupoza, husafisha na kuziba upenyo kati ya ringi na silinda. Kwenye kopo, herufi S ni ya petroli, C ni ya dizeli. 15W-40 ni uzito wake, wa baridi na wa moto. Mnayajua hayo, niende kwenye tatizo.

3. Oili ya kupima na chupa ya dawa

Katika injini hizi tapeti bapa husuguana moja kwa moja na kemu. Mgandamizo pale ni mkubwa kiasi kwamba utando wa oili hukamuliwa ukaisha. Kinachookoa chuma ni mchanganyiko wa zinki na fosforasi, ambao kwa joto na mgandamizo hujenga ngozi nyembamba ngumu juu yake. Ngozi hiyo ndiyo inayolika, nayo hujengwa upya maadamu zinki bado imo.

Sasa, zinki hiyo tayari imo ndani ya oili ya dizeli yenye alama CI-4, daraja lililoanza mwaka 2002. Hata CK-4 ya mwaka 2016, iliyowekewa ukomo wa fosforasi wa asilimia 0.12 ili kulinda vichujio vya moshi ambavyo trekta zetu hazina, inatosha kabisa kwa Perkins. Isiyofaa ni oili nyepesi ya gari dogo la petroli, kama SN 5W-30: fosforasi yake haizidi asilimia 0.08, na ni nyepesi mno kwa injini hii.

Kwa hiyo chupa ya "dawa" ya injini, ile inayomiminwa juu ya oili, inaongeza nini? Zinki ikizidi kipimo haiongezi ulinzi. Huanza kushindana na viambato vya kusafisha na inaweza kuleta kutu. Zile za "kuzuia moshi" ni vizitishaji tu: moshi wa bluu unapungua, trekta linauzwa, ringi ni zilezile. Marekani, mwaka 1997, tume ya serikali ya biashara iliwabana wauzaji wa dawa ya Slick 50 waache kudai bila ushahidi kwamba inapunguza ulikaji wa injini. Huku kwetu madai ya aina hiyo yanasomwa kwa kipaza sauti mnadani.

Lakini chupa ni adui mdogo. Mkubwa ni oili ya kupima, ile inayotolewa kwenye pipa na kutiwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Sitamtaja mfanyabiashara yeyote, na mada hii haikusudii kuharibu riziki ya mtu. Hata hivyo, pipa lililofunguliwa halina ushahidi wa kilichomo. Oili chafu iliyochujwa na kurudishwa sokoni imeshapoteza zinki na nguvu ya kuua asidi, na huwezi kuitambua kwa kuipikicha vidoleni.

Kwa nini basi inapendwa? Kwa sababu, wateja wanasema, "haichafuki haraka." Ndugu zangu, oili nzuri ya dizeli inapaswa kuwa nyeusi! Weusi ni masizi yaliyoshikwa yaelee, yatoke siku ya kumwaga. Oili inayobaki nyeupe imeyaacha masizi yatuame kwenye karta na kuziba njia za kwenda kwenye beringi. Nimelisema hili semina baada ya semina. Watu wanapiga makofi, wanakunywa chai, kisha wanapita kwenye pipa.

Na vumbi, ingawa sikuombwa kulisema. Filta ya hewa ikipitisha vumbi la shambani, hakuna oili duniani itakayoziokoa ringi.

4. Mapendekezo

(a) Tumia 15W-40 yenye CI-4 au zaidi, kopo lililofungwa. Asubuhi za Juni na Julai chini ya Mlima Hanang, SAE 40 tupu huchelewa kufika juu kwenye roka.

(b) Usiongeze dawa yoyote. Fedha ya chupa inunue filta.

(c) Usizidishe saa 250 kabla ya kumwaga, na kwa injini iliyochoka punguza. Kama mita ya saa imekufa, andika ekari.

(d) Injini iliyozoea oili ya pipa ikihamia oili nzuri, uchafu wa zamani utabanduka. Badilisha filta mapema mara ya kwanza, baada ya saa 50 hivi.

(e) Usinunue oili ya kupima. Narudia kwa makusudi.

(f) Wanunuzi waungane, wanunue pipa lililofungwa na kulifungua mbele ya wote.

(g) Fundi atoboe makopo matupu, yasijazwe tena.

(h) Shirika la Viwango (TBS) na mdhibiti wa nishati na maji (EWURA), kwa nafasi zao, waombwe kupima oili ya minadani, siyo ya maduka ya mjini pekee.

(i) Weusi wa oili usiwe sababu ya kuikataa.

(j) Oili chafu iwe na mahali pa kukusanywa panapojulikana.

Kuhusu (j), naiomba Halmashauri isiifunge semina hii kabla haijasema ni idara gani itakayopokea oili chafu ya mafundi wa Katesh, na kuanzia lini.