Kuuandaa Mwili kwa Kunyonyesha katika Miezi ya Mwisho ya Ujauzito
Mazungumzo na walaji wa Musoma, Bunda na Butiama

 

Huenda wapo wanaojiuliza kwa nini mazungumzo kuhusu maziwa ya mama yamewekwa katika kijitabu cha kumwelimisha mlaji. Mlaji, kwa desturi, ni mtu aliyetoa fedha akapata bidhaa. Na maziwa ya mama hayapimwi kwa mizani wala hayana bei. Jibu letu ni kwamba mama mwenye mimba ya miezi saba, minane au tisa ni mnunuzi anayefuatwa na wauzaji wengi. Huuziwa mafuta ya kulainisha chuchu, unga unaodaiwa kuleta maziwa, udongo wa kutafuna, chupa ya kunyonyeshea, na hata kopo la maziwa ya unga la kuweka akiba, eti endapo maziwa yake hayatatoka. Vingi kati ya hivyo havihitaji, na vingine vyaweza kumdhuru yeye au mtoto. Fedha hiyo hiyo ingetosha kununua mayai, maharage na nauli ya kwenda kujifungulia katika kituo cha afya.

Tutaeleza kwanza kazi ambayo mwili huifanya wenyewe. Kisha yale machache ambayo mama na nyumba yake wanapaswa kuyafanya. Na mwishoni yale ambayo hayafai kutolewa fedha.

Mwili umekwisha kuanza kazi

Tangu takriban wiki ya 16 ya ujauzito, matiti huanza kutengeneza dang'a, yaani maziwa ya kwanza, mazito na yenye rangi ya njano. Wapo akina mama wanaoona matone yake kwenye nguo kabla ya kujifungua, na wapo wasioona hata tone moja; wote wawili wako sawa. Maziwa hayatoki kwa wingi wakati wa mimba kwa sababu homoni za kondo la nyuma huyazuia. Kondo likishatoka, kizuizi hicho huondoka, na kwa kawaida maziwa huongezeka kati ya siku ya pili na ya nne. Kwa hiyo mama asiyetokwa na kitu katika mwezi wa tisa asiambiwe kwamba hana maziwa. Wala ukubwa wa titi si kipimo: tofauti ya ukubwa hutokana zaidi na mafuta kuliko na sehemu zinazotengeneza maziwa.

Vile vipele vidogo vinavyojitokeza katika sehemu nyeusi inayozunguka chuchu si ugonjwa. Ni tezi zinazotoa mafuta ya asili, ambayo hulainisha ngozi na kuilinda. Mama anayesugua chuchu kwa taulo gumu, au anayezipaka spiriti au sabuni kali ili zikomae, huyaondoa mafuta hayo na kuiacha ngozi ikiwa kavu na rahisi kupasuka. Maji safi yanatosha. Matiti yakiwa mazito, sidiria iliyo pana na isiyobana itamsaidia. Si lazima iwe ya bei kubwa.

Swali la chuchu zilizolala au zilizoingia ndani huwasumbua wengi. Zamani akina mama waliambiwa wazivute kila siku, au wavae vikombe maalumu vya plastiki ndani ya sidiria. Jaribio lililofanywa kwa wajawazito wa Uingereza na Kanada, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 1994, lilionyesha kwamba mazoezi hayo na vikombe hivyo havikuwasaidia kunyonyesha kuliko wenzao ambao hawakuvitumia. Sababu yake inaeleweka: mtoto hanyonyi chuchu peke yake, bali hujaza kinywa kwa titi. Mama mwenye wasiwasi na amwonyeshe muuguzi matiti yake kliniki, na baada ya kujifungua aombe asaidiwe kumpakata mtoto. Zaidi ya hayo, kuvuta chuchu huamsha homoni ya oksitosini, ile ile inayosukuma uchungu. Kwa mama aliye katika hatari ya kujifungua kabla ya wakati, jambo hilo si la kujaribu nyumbani. Kukamua dang'a kabla ya kujifungua nako kufanyike tu kwa maelekezo ya mtaalamu.

Uvimbe usioondoka, damu inayotoka kwenye chuchu, au titi lililo jekundu na lenye maumivu na homa, havisubiri tarehe ya kliniki. Mama aende kituoni mara moja.

Maandalizi yenyewe ni chakula na damu ya kutosha

Mkoa wetu wa Mara haukosi chakula kifaacho. Dagaa wa Ziwa Victoria wanaoshushwa katika mialo yetu huliwa wazima pamoja na mifupa yao, na hivyo humpa mama protini pamoja na madini ya kalsiamu na chuma. Anunuaye na achague dagaa wakavu, wenye rangi ya fedha inayong'aa, wasio na ukungu wala harufu ya uchachu. Waliokaushwa juu ya kichanja ni bora kuliko waliotandazwa mchangani. Na hata hao waoshwe vizuri kabla ya kupikwa. Ugali wa mtama, wa muhogo au wa mahindi usiliwe peke yake: uambatane na mchicha, mgagani au majani ya kunde, pamoja na maharage, samaki, yai au maziwa yaliyochemshwa. Katika ujauzito mama aongeze mlo mmoja mdogo kwa siku; akishaanza kunyonyesha, aongeze miwili.

Tunasisitiza suala la damu kwa sababu lina uhusiano wa karibu na maziwa. Mama mwenye upungufu wa damu huwa katika hatari kubwa zaidi akitokwa na damu wakati wa kujifungua, na kutokwa na damu nyingi kwaweza kuchelewesha maziwa. Vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki vimezwe kila siku, lakini visimezwe kwa chai, kwa kuwa chai huuzuia mwili kupokea madini hayo. Chai inywewe saa moja au mbili baadaye. Mama alale ndani ya chandarua chenye dawa, na asikose dawa za kujikinga na malaria atakazopewa kliniki, kwani malaria nayo humaliza damu.

Hapa ndipo tunapogusa udongo wa kutafuna, ule unaopangwa kwa mafungu masokoni. Hamu ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu. Lakini udongo hautibu upungufu huo. Waweza kuzuia madini chuma yasipokewe na mwili, na waweza kubeba mayai ya minyoo au madini ya risasi. Mama mwenye hamu hiyo asionewe aibu, bali apimwe wingi wa damu.

Kwa wenzetu wa Butiama walio karibu na machimbo madogo ya dhahabu, kama ya Buhemba, tuna neno la pekee. Mvuke wa zebaki inayochomwa ili kupata dhahabu humfikia mtoto aliye tumboni kupitia damu ya mama. Mjamzito na mama anayenyonyesha wasishike zebaki, na isichomwe kamwe nyumbani wala jikoni. Nguo za mchimbaji zifuliwe peke yake, na zisifuliwe na mjamzito.

Fedha isiende huku

Mtoto asiyenyonya kabisa huhitaji takriban kilo 20 za maziwa ya unga katika miezi sita ya kwanza, yaani makopo 40 ya gramu 500. Tunamwomba kila baba aliyepo hapa aulize bei ya kopo moja dukani, kisha aizidishe kwa 40. Baada ya hapo aongeze kuni au mkaa wa kuchemshia maji, maana maji ya ziwa au ya kisima yasiyochemshwa huleta kuhara, na chupa ni ngumu kusafishwa kikamilifu. Nyumba inayoishiwa fedha katikati ya mwezi huanza kuongeza maji ili kopo lidumu, na mtoto hudhoofu huku akionekana analishwa. Na kadiri mtoto anavyoongezewa chupa ndivyo anavyonyonya kidogo, na maziwa ya mama yakapungua kweli.

Kwa ajili hiyo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mwaka 1981 Msimbo wa Kimataifa unaosimamia uuzaji wa bidhaa zinazochukua nafasi ya maziwa ya mama. Nayo Tanzania ikatunga kanuni zake mwaka 1994, na kanuni nyingine mwaka 2013. Kwa mujibu wa Msimbo huo, bidhaa hizo hazitangazwi kwa umma; wajawazito hawapewi sampuli za bure; kituo cha afya hakitumiki kuzinadi; na kopo halibebi picha ya mtoto mchanga. Mlaji akikuta kopo la namna hiyo, au lililopita muda wake, au lisilo na maelezo yanayoeleweka, asilinunue, na atoe taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula na vipodozi.

Krimu za kung'arisha ngozi zisipakwe matitini wala mahali pengine mwilini. Baadhi yake zina zebaki, na kinywa cha mtoto kitafika pale zilipopakwa. Unga na mitishamba ya kuleta maziwa visitumiwe bila kumwuliza mtaalamu. Kiletacho maziwa ni mtoto kunyonya: mara nane au zaidi kwa siku, mchana na usiku.

Wapo watoto wachache ambao kwa sababu za kitabibu huhitaji maziwa mengine. Uamuzi huo hufanywa pamoja na daktari au muuguzi. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI na anayetumia dawa zake ipasavyo anaweza kunyonyesha. Ahudhurie kliniki, apimwe wingi wa virusi, na mtoto apewe dawa ya kinga tangu kuzaliwa.

Saa ya kwanza

Bibi zetu, shangazi zetu na mama wakwe, tunawaomba kwa heshima. Dang'a si maziwa machafu, na isimwagwe. Ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Siku ya kwanza tumbo lake hutosheka na kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa kila mnyonyo, kwa hiyo uchache wa dang'a si njaa. Mtoto awekwe kifuani ndani ya saa moja, hata kama mama amefanyiwa upasuaji, hali zao zikiruhusu. Baada ya hapo, kwa miezi sita, asipewe maji, glukosi wala uji. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha hata wakati wa jua kali. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 59 ya watoto wa chini ya miezi sita walinyonya maziwa ya mama pekee. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 64. Tunasonga mbele, lakini zaidi ya theluthi moja ya watoto bado hupewa vitu vingine mapema.

Mama aliyeajiriwa ajue pia haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja; na akirudi kazini, aruhusiwe kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku katika saa za kazi. Mwajiri apewe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari.

Kabla ya kumaliza, tunawaachia mambo manne ya kufanya wiki hii. Mama akague vidonge vyake vya damu, aone vimebaki vingapi. Baba amsindikize kliniki tarehe ijayo, na kuanzia leo achukue zamu ya maji na kuni. Mama mkwe na mkwewe wakubaliane mapema kwamba mtoto atapewa dang'a. Na fedha iliyotengwa kwa ajili ya chupa na kopo iwekwe kando kwa chakula cha mama na usafiri wa siku ya uchungu.