Mshindo wa Asubuhi ya Ramadhan



Rudisheni fikra kwenye Ramadhan ya 2019, tarehe 21 Mei. Daku tumeshakula, alfajiri tumeshaswali, na wengine (tusifichane) tumesharudi kulala. Saa kumi na mbili na dakika mbili kwa saa zetu, wimbi likapita ndani ya ardhi, ndani ya kitanda chako, na ndani yako wewe mwenyewe. Hukuhisi kitu.

Mitambo mitatu ilihisi: miwili ya LIGO huko Marekani, Hanford na Livingston, na mmoja wa Virgo karibu na Pisa, Italia. Kila mtambo wa LIGO una mikono miwili ya mabomba, kila mkono kilomita 4. Mwali wa leza hugawanywa, ukaenda kugonga vioo na kurudi. Wimbi la mvutano likipita, mkono mmoja hurefuka na wa pili hufupika, kwa kiasi kidogo kuliko sehemu moja ya elfu ya upana wa protoni. Ndiyo maana mtambo mmoja hautoshi: lori likitikisa ardhi Livingston, Hanford haina habari.

Mshindo wenyewe ulidumu kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Septemba 2020 wataalamu wakatangaza kuwa ni mashimo meusi mawili yaliyogongana, moja zito mara 85 ya jua letu, jengine mara 66, yakazaa moja la mara 142. Hapo ndipo utata ulipoingia. Nyota inayokufa haitarajiwi kuacha shimo jeusi la uzito wa 85. Basi hilo limetoka wapi?

Mwaka 2021 Juan Calderón Bustillo na wenzake wakaleta jibu jengine. Huenda hayakuwa mashimo meusi, bali nyota za Proca: madonge ya chembe nyepesi mno, yasiyo na ule mpaka ambao kitu kikiuvuka hakirudi. Yaligongana uso kwa uso, shimo jeusi likazaliwa baadaye. Hesabu yao ililingana na mshindo, hata ikaizidi kidogo ile ya mwanzo. Ikiwa ni kweli, chembe hizo zaweza kuwa ile maada isiyoonekana inayoshikilia galaksi, iliyotafutwa miaka na miaka.

Sasa ni ipi? Mashimo yanayozungukana hutoa mlio unaopanda, kama pikipiki inayokaribia. Wanaogongana uso kwa uso hawana mlio huo. Lakini vitu vizito hivi huvuma chini sana mwanzoni, mitambo haisikii, tukabaki na kishindo cha mwisho tu. Wenyewe hawakusema wamethibitisha. Sisi twabishana juu ya mwezi kila mwaka, na mwezi tunauona kwa macho!

Tarehe 23 Novemba 2023 LIGO ikanasa mshindo mzito zaidi, uliozaa shimo la takriban mara 225 ya jua. Nao pia ulidumu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Wewe unayesoma fizikia, data za ule wa 2019 zimewekwa wazi kwenye intaneti, bure, kwa yeyote anayetaka kuzipigia hesabu.